Nilitaka Nyumba, Yeye Alitaka Shimo

Tuligombana miezi minne kwa sababu ya chumba cha chini ya ardhi. Hesabu zote zilikuwa upande wangu. Kumbe ugomvi wenyewe haukuwa wa hesabu.

Watu husema ukitaka kumjua mume wako vizuri, jenga naye nyumba. Mwenzenu nilikuwa nimeolewa miaka tisa, nina watoto wawili, nikajiona namjua Baba K kuanzia unyayo hadi utosi. Najua anakunywa chai bila sukari. Najua hawezi kulala kabla hajakagua milango yote, tena mara mbili. Najua hagusi ndizi mbivu, na nyumbani kwao Kibondo hilo ni jambo la kuchekwa kabisa, maana Muha asiyekula ndizi mbivu ni kama Mzaramo asiyekula nazi. Nilidhani ni deko tu la kitinda mimba. Halafu nikakumbuka kwamba yeye wala si kitinda mimba, ana mdogo wake. Nikaacha hapo. Si unajua tena, ukiwa ndani ya ndoa kuna maswali unayaruka kama dimbwi.

Sisi tulikuwa wanandoa wa Ijumaa. Mimi nafundisha jiografia sekondari hapa Kasulu. Yeye wakati huo alikuwa afisa ugavi katika shirika moja lililohudumia wakimbizi wa kambi ya Nduta, kule Kibondo. Jumatatu alfajiri anaondoka, Ijumaa jioni anarudi, nyusi nyekundu kwa vumbi, maana lami ya barabara yetu ilikuwa bado inajengwa. Mkiishi hivyo mnajifunza kuweka mambo mazito kiporo. Siku mbili za kuonana uziharibu kwa maswali magumu ya nini? Unapika, mnacheka, mnakwenda kanisani, Jumatatu hiyoo.

Mwaka 2019 tulinunua kiwanja upande wa barabara ya kwenda Heru Juu, kwenye mteremko. Tukaanza kudunduliza. SACCOS kidogo, posho zake kidogo, tuisheni zangu kidogo. Mwaka 2023 tukasema basi, mwaka huu tunaanza msingi.

NYUMBA ISIYOKULA UMEME

Jambo moja tulikubaliana tangu mwanzo: hatutaki nyumba inayokula umeme. Kwa mtu aliyeishi Kasulu au Kibondo, hilo halihitaji maelezo mengi. Kwa miaka mingi miji yetu hii ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, mpaka mwaka 2022 tulipounganishwa na Gridi ya Taifa. Tuliozoea mgawo tuna adabu na swichi.

Na ile nyumba ya kupanga ilikuwa imetufundisha mengine. Bati tupu, dari hakuna, madirisha kama ya stoo, na ukuta wa sebule umetazama magharibi. Saa tisa alasiri sebule ni tanuri, feni inazungusha joto lile lile. Ukija usiku wa Juni na Julai, huku kwetu milimani, mnalala na soksi na birika la umeme halipoi. LUKU inakwisha kama maji ya mgawo.

Kwa hiyo mwalimu wa jiografia nikashika ramani. Kasulu iko kusini kidogo tu mwa ikweta, jua linapita karibu juu ya utosi. Kuta zinazoumia ni za mashariki na magharibi. Basi nyumba tukailaza, upande mrefu utazame kaskazini na kusini. Magharibi tukaweka bafu na stoo, vipigwe jua badala yetu. Paa litokeze nje vya kutosha kufunika madirisha. Dari kila chumba. Matundu ya juu yanayotazamana, hewa ya moto ipate pa kutokea.

Matofali nayo tukasema hatuchomi. Mnayaona matanuru yetu ya matofali jinsi yanavyomeza magogo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, hawa NHBRA, wamekuwa wakihimiza matofali ya kufungamana: udongo wa pale pale, saruji kidogo, mashine ya kushindilia, halafu unayamwagilia kivulini yakomae. Moto hakuna. Na udongo mwekundu Kasulu ndio mtaji wetu wa kuzaliwa nao.

Baba K alikubali kila kitu. Nikatembea mjini nimevimba kichwa. Mume wa kisasa si ndiye huyu?

"VITU, MAMA K"

Ijumaa moja ya Agosti akaja na ramani mpya. Akaikunjua mezani kabla hata hajavua viatu.

"Mama K, hebu ona."

Chini ya sebule palikuwa na mstatili wa mistari ya nukta. Mita 4 kwa 5.

"Hiki nini?"

"Besimenti."

Nikacheka. Nilidhani utani. Yeye hakucheka.

"Ya kuweka nini, Baba K?"

"Vitu."

"Vitu gani?"

"Vitu, Mama K. Maharage. Asali ya mama. Chini kuna ubaridi, havihitaji friji. Si wewe unayetaka nyumba isiyokula umeme? Wenzetu Ulaya wanaofikiria mbele, wote wana chumba chini."

Kumbe kuna Mzungu wa kazini kwao alimwonyesha picha za nyumba yake. Chumba cha chini, rafu za mbao, chupa za juisi zimepangwa kama kwaya. Mwenzangu akanasa.

Wiki hiyo nikampelekea fundi ile ramani. Fundi wetu ni mzee wa makamo, maneno kwake ni kama misumari, hayapotezi. Akaitazama, akashusha pumzi.

"Mwalimu, hapa unakwenda chini mita 2 na nusu. Udongo una tabia ya kusukuma. Ukuta wa tofali hauuzuii, labda zege na nondo. Sakafu ya zege. Juu slabu. Nje plasta ya kuzuia maji, kokoto, bomba la kutoa maji. Mifuko ya saruji 150 na ushee, chumba hicho kimoja tu." Akaikunja ramani. "Hapo mmeshazika paa lenu."

Paa! Yaani tungekaa kwenye kuta miaka miwili mingine tukingoja bati, ili maharage yapate ubaridi.

HESABU ZANGU

Mwenzenu nilikasirika, na mimi nikikasirika nasoma.

Mifuko 150 ya kilo 50 ni tani 7 na nusu za saruji. Saruji huokwa kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 1,400 na zaidi, na inakadiriwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote ambayo binadamu anaitoa. Kila tani ya saruji inaacha zaidi ya nusu tani ya hewa hiyo. Piga hesabu mwenyewe. Kabla hatujawasha taa hata moja, chumba chetu cha kuokoa nishati kingekuwa kimeshapeleka angani kama tani 4.

Halafu hao wenzetu. Kaskazini mwa Marekani na kule Kanada, ardhi huganda majira ya baridi. Maji yaliyo udongoni yakiganda yanatanuka, yanaweza kuinua nyumba. Kwa hiyo msingi lazima ushuke hadi chini ya pale panapoganda, na kuna sehemu inazidi mita 1. Sasa mtu ameshachimba kiasi hicho, akiongeza kidogo anapata chumba, anaweka na mtambo wake wa kupasha nyumba joto. Kwao inaeleweka. Kasulu ardhi imeganda lini?

Lakini haki yake nimpe. Kuhusu ubaridi, hakukosea. Ukishuka mita kadhaa chini, ardhi haijui mchana wala usiku. Joto lake linakaa karibu na wastani wa mwaka mzima. Ndiyo maana kule Australia, katika mji wa wachimba madini wa Coober Pedy, watu wengi wanaishi kwenye nyumba zilizochimbwa ardhini, kuukimbia moto wa kiangazi.

Kwa hiyo Septemba tukafanya jaribio. Fundi alikuwa ameshachimba shimo la choo, mita 3. Nikaazima kipimajoto cha shule, nikakitumbukiza kwenye chupa ya maji ili namba isibadilike wakati wa kuvuta, nikakishusha kwa kamba. Asubuhi juu nyuzi 17, chini 22. Alasiri juu 30, chini 22 vile vile.

Baba K alichekelea kama mtoto aliyepewa embe. "Umeona?"

"Nimeona. Sasa subiri mvua."

Mwaka ule Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza El Niño. Mvua zikaja. Wiki ya kwanza ya Desemba nikaenda kuchungulia shimo langu. Maji yalikuwa yananifika kiunoni kama ningeingia. Wala hayakuingilia juu, tulikuwa tumelifunika kwa bati. Yalipenya ubavuni, yanashuka na mteremko ndani kwa ndani.

"Mwalimu," fundi akasema, "umechimba choo, umepata kisima."

Na hapo ndipo penye siri ya stoo, ambayo mama yangu aliijua bila kusoma: maharage hayataki ubaridi kama yanavyotaka ukavu. Asali nayo ukiifunika vizuri na kuiepusha na jua, haina shida. Nyumba yetu, kwa kivuli, dari na hewa ya kupita, ingetupa ubaridi wa kutosha bure. Chumba cha chini kingetupa nyuzi 22 na ukungu.

Ijumaa ile nilimngoja na daftari. Nikamsomea yote, moja baada ya jingine, kama nasahihisha mtihani. Saruji. Paa. Maji. Akasikiliza. Ningenyamaza pale ningekuwa nimeshinda kwa heshima. Lakini mimi tena! Nikataka na bao la kufungia.

"Na kwa taarifa yako," nikasema, "hapa kwetu waliochimba hawakuchimba kwa ajili ya ubaridi. Wairaqw wa Mbulu walijenga nyumba zilizozama ubavuni mwa kilima, paa usawa wa ardhi, wavamizi wa ng'ombe wasizione. Wachagga walichimba mahandaki ya kujificha vita, watalii wanapelekwa kuyaona mpaka leo. Hata hao Waswisi wako, tangu miaka ya 1960 sheria yao ilitaka watu wawe na handaki la kujikinga na mabomu. Watu huingia chini kwa woga, Baba K. Sasa wewe Kasulu hii unamwogopa nani?"

Nilikuwa nacheka nikisema hivyo.

Akanitazama. "Umemaliza?"

Akainuka, akatoka nje. Usiku wa manane nikapapasa kitandani, hayupo. Nikamkuta sebuleni, gizani, amekaa. Kiti alikuwa amekigeuza kuelekea mlangoni.

ALICHOSEMA MAMA MKWE

Krismasi tulikwenda Kibondo kwa wazazi wake. Wiki mbili tulikuwa tunaongea mambo ya "umelipa maji?" na "mtoto ameoga?" Wenye ndoa mnaielewa lugha hiyo.

Asubuhi nikamfuata mama mkwe jikoni. "Mwakeye, mama." Akaitikia, akanisogezea kigoda. Tulikuwa tunamenya ndizi za kupika, na mimi, kwa kutafuta pa kuanzia tu, nikauliza:

"Hivi mama, kwa nini Baba K hali ndizi mbivu?"

Kisu chake kikasimama. Akatazama nje, nyuma ya jiko, palipokuwa na mgomba mmoja na majivu. Akakaa hivyo kitambo.

"Hajakwambia?"

"Hapana, mama."

"Basi muulize mwenyewe, mwanangu. Na akikwambia, usimjibu haraka."

Tukaendelea kumenya. Hakuongeza neno.

NJIANI

Tuliondoka Kibondo jioni, tukachelewa, giza likatukuta njiani. Watoto wamelala nyuma. Yeye kashika usukani, macho mbele. Nadhani wanaume wengi huongea vizuri zaidi wakiwa wanaendesha gari. Hawalazimiki kukutazama.

Nikauliza.

Mwanzoni alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Halafu akasema, "Unakumbuka mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi hapa?"

Nakumbuka. Mliokuwa wadogo hamtajua. Baada ya vita kuanza Burundi mwaka 1993, silaha zilizagaa mipakani, na kwa miaka mingi majambazi walisumbua barabara na vijiji vya huku. Basi lilikuwa haliendi bila askari wenye bunduki. Wakimbizi waliokuwa wanavuka wakati ule walikuwa wanazikimbia risasi hizo hizo, lakini kijijini mtu ukishavamiwa huulizi historia.

Mwaka 1998 Baba K alikuwa na miaka 12. Baba yake alikuwa na duka. Walikuja usiku. Mama akawasukuma watoto wawili kwa mlango wa jikoni, yeye na mdogo wake wa miaka mitano, akasema kimbieni. Wakakimbilia wapi? Nyuma ya jiko palikuwa na shimo la kuvundikia ndizi. Kwa wasiojua, ndizi za pombe huvundikwa ardhini, zinafunikwa kwa majani ziive upesi. Wakaingia. Akavuta majani juu yao.

"Mdogo wangu akaanza kulia," alisema. "Nikamziba mdomo. Nasikia wanampiga baba. Nasikia viatu vinapita hapa, hapa juu. Nikakaza. Akapigapiga miguu, halafu akalegea. Nikajua nimemuua."

Gari lilikuwa linakwenda polepole kabisa.

"Sikutoa mkono, Mama K. Nilijua nimemuua, na sikutoa mkono."

Mdogo wake alikuwa amezimia tu. Leo ni baba wa watoto watatu, anacheka kuliko ndugu wote, na akiulizwa anasema hakumbuki chochote. Mzee alipona, lakini ndiyo maana anatembelea fimbo. Mimi miaka yote niliambiwa alianguka na baiskeli. Duka halikufunguliwa tena. Na kisa hicho hakuna aliyekizungumza, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na chake.

"Nikifunga milango huwa nahesabu," akasema. "Watoto wawili, mke mmoja. Wakija, wataingia wapi? Kila nyumba tuliyopanga, hicho ndicho nilichoangalia kwanza. Hii ya kwangu mwenyewe nikasema lazima iwe na pa kuingia."

Mdomoni nilikuwa na maneno kumi. Kwamba siku hizi kuna usalama. Kwamba si kosa lako, ulikuwa mtoto. Yote kweli. Nikakumbuka "usimjibu haraka," nikayameza. Zikapita kilomita kadhaa. Halafu nikauliza kile tu ambacho kwa kweli nilikuwa sijakielewa.

"Mlitokaje?"

"Hatukutoka. Mama alikuja kututoa asubuhi. Kuta zilikuwa ndefu, na lilikuwa na tundu moja tu. Wangelifunua, tulikuwa..."

Hakumaliza. Nikaona mikono yake kwenye usukani imelegea kidogo.

"Lilikuwa na tundu moja," akarudia, polepole, kama mtu aliyesoma kitu kwenye ramani yake mwenyewe. Ile ramani ya Agosti, besimenti yake ilikuwa na ngazi moja, na mlango mmoja.

MLANGO WA PILI

Januari tulikwenda kwa fundi wote wawili. Baba K ndiye aliyeongea. Hakusimulia habari za mwaka 1998, hiyo ni yake. Alisema tu, "Mzee, sitaki shimo tena. Lakini nataka chumba salama, kikavu, chenye milango miwili. Kinawezekana?"

Fundi akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Si mngesema mapema? Kiwanja chenu chenyewe kinawapa."

Akatuchorea chini kwa kijiti. Nyumba ikiwa kwenye mteremko, upande wa juu msingi ni mfupi, lakini upande wa bondeni ukuta wa msingi lazima upande ili sakafu iwe sawa. Kwetu ulikuwa unafika karibu mita 2. Kawaida watu wanajaza pale udongo na mawe, wanashindilia, wanamwaga jamvi juu. Kwa maneno mengine unalipia kontena la udongo ukae chini ya sebule yako milele. Usipojaza kipande kimoja, ukaweka slabu ndogo juu yake, umepata chumba. Upande mmoja tu ndio unaogusa mlima. Pale unaweka mtaro kwa juu, kokoto na bomba nyuma ya ukuta, maji yapite zake. Upande wa bondeni ni hewa na mwanga.

Chumba cha mita 3 kwa 4. Kuta za mawe ambazo tungezijenga hata hivyo. Nyongeza ilikuwa mifuko 40 hivi ya saruji na nondo za slabu. Kwa hiyo, kwa wale mtakaoniuliza kama nyumba ya kuokoa nishati inahitaji chumba cha chini: kwenye kiwanja tambarare huku kwetu, hapana, weka hela kwenye paa, dari na kivuli. Kwenye mteremko, kabla hujajaza udongo, kaa kwanza na fundi wako.

Tulihamia Juni 2025. Mlango mmoja wa kile chumba unashuka kwa ngazi kutoka koridoni, wa pili unatokea bustani ya mchicha, bondeni. Kuna gunia za maharage juu ya mbao, ndoo za asali kutoka Kibondo, na baiskeli ya mtoto. Nimetundika kipimajoto. Hakijawahi kuzidi nyuzi 24, na hakuna unyevu. Sebule saa tisa alasiri tunakaa bila feni, na LUKU niliyokuwa nanunua kwa wiki mbili sasa inanifikisha mwezi.

Sitawadanganya kwamba chumba kimemponya mtu. Kazini kwao walikuwepo washauri nasaha wa wakimbizi. Kwa miaka minane Baba K aliwapangia magari ya kwenda kambini na hakuwahi kukaa kwenye kiti chao. Mwaka 2024 alikwenda. Mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu akaahirisha. Ya nne akaenda tena. Mwaka huo huo, siku ya Pasaka, alimwambia mdogo wake kile alichokuwa amekibeba. Mdogo mtu akasikiliza, akanyamaza, akasema, "Kaka, ninachokumbuka mimi ni harufu ya ndizi tu. Nilidhani nimeota." Halafu wakakaa nje mpaka usiku, bila kuongea sana.

Mnaojenga, na mnaotarajia kujenga, najua mtagombana. Kuhusu ukubwa wa jiko, kuhusu chumba cha wageni, kuhusu geti. Shika hesabu zako, usiziache, fedha haziokotwi. Lakini mwenzako akikaza shingo juu ya kitu ambacho hesabu inakataa kabisa, weka daftari chini kidogo. Muulize alikiona wapi mara ya kwanza. Mimi nilikuwa sahihi miezi minne mizima, na miezi minne hiyo mume wangu alikuwa analala amegeukia mlango.

Ndizi mbivu bado hali. Nimeacha kumtania, na watoto nao nimewakataza. Na milango bado anaikagua kila usiku, lakini sasa anaaga.

"Nakwenda kuangalia milango, Mama K."

"Haya. Na ule wa bustanini?"

"Na ule wa bustanini."

Namsikia anashuka ngazi, kitasa kinagonga, anapanda. Mara moja tu. Akirudi kitandani miguu yake ni ya baridi, ananiwekea mgongoni, na mimi napiga kelele kama kila siku.